Akiba ya Yai

Bernadetha hakuogopa sindano, maana miezi ile alishachomwa hadi akazoea. Hakuogopa hata ile meza ya baridi aliyolazwa miguu juu kama kuku wa Krismasi. Alichoogopa ni kidoa kilichokuwa kwenye skrini ukutani.

Kilikuwa duara la kijivu, na ndani yake vipovu vinane vimebanana. Dk. Hilda alikionyesha kwa kidole chenye glavu, akasema hicho ndicho kiinitete, mtoto kabla hajawa mtoto, na kwamba muda si mrefu wangekiweka mahali pake. Kilikuwa kimoja tu. Mayai mengine yote yaliyotolewa kwa Bernadetha yalikuwa yamegoma. Mawili hayakuipokea mbegu ya mumewe, na yaliyobaki yaliipokea, yakagawanyika mara moja au mbili, yakasimama hapo hapo na kufa.

“Yalisimama kwa nini?” Bernadetha aliuliza kazi ilipokwisha naye amefunikwa shuka.

Dk. Hilda alikuwa mwanamke mpole, na hilo ndilo lililoleta balaa, kwa sababu mtu mpole hupenda kueleza. Akavuta kiti. Alisema kuwa kiinitete cha siku za mwanzo hakijashika popote, kinaelea tu, kwa hiyo hakimtegemei mama kwa chakula kama watu wanavyodhani. Kinategemea zaidi akiba ambayo yai liliwekewa. Mbegu ikishaingia tu, seli huanza kukusanya vitu vyake vya zamani kwenye vifuko vidogo, ikavivunjavunja na kuvitumia upya kujengea vitu vya mtoto. Hubomoa vya mama ili vije vya mtoto. Kisichoweza kubomoa, au kisicho na cha kubomoa, husimama njiani.

“Wewe si unauza mbegu pale Mbuyuni?” akasema daktari akitabasamu. “Basi umeshanielewa. Maharage yakiota, kabla hayajatoa jani yanakula nini? Yanakula yale mapande mawili ya mbegu yenyewe. Usiwe na wasiwasi, mama. Akiba haiozi.”

“Na hiyo akiba, daktari, inawekwa lini?”

“Miezi ile yai linapokua, kabla hatujalitoa. Sasa pumzika.”

Dk. Hilda akatoka akiwa ameridhika na kazi yake. Bernadetha akabaki anatazama dari, akihesabu miezi. Miezi ile yai lilipokuwa linaweka akiba, yeye alikuwa anafunga.

Sasa, ili mtu asimwone mjinga, lazima tuseme mfungo ule ulitoka wapi. Bernadetha aliolewa Uru, kwenye shamba la migomba la ukoo, kihamba cha Wenseslaus, mwongoza wageni mlimani, mtoto wa mwisho wa Mama Victoria, na kwa hiyo, kwa mila ya kwao, mrithi wa nyumba ya mama yake pamoja na mama mwenyewe ndani yake. Wanawake wengine wote wa eneo lile waliitwa Mama Fredy, Mama Kindness, mama wa fulani. Yeye aliitwa mke wa Wensi, mwaka baada ya mwaka, hata na wasichana waliosimamiwa na yeye siku ya harusi zao. Hakuna aliyemsema vibaya, maana Jumuiya ya Mtakatifu Ana ilimpenda sana. Ilimpenda kiasi kwamba asubuhi moja baada ya rozari mwenyekiti wake, yaani Mama Victoria, alisimama akasema wameomba vya kutosha kwa midomo iliyoshiba. Kuanzia wiki ile kila Jumatano na Ijumaa wangefunga hadi jioni, maji matupu, mpaka Mungu aseme neno juu ya mke wa Wensi. Wote wakaitikia amina. Na mwenye shida, bila shaka, ndiye wa kutangulia.

Bernadetha angesema nini? Wiki hiyo hiyo alikuwa ameanza sindano za kukuza mayai, na karatasi ya kliniki ilimwambia ale mayai, samaki na mboga. Lakini Kanisa lao halikubali mtoto atungwe nje ya kitanda cha ndoa, na yeye na Wenseslaus walikuwa wameapa kutomwambia mtu. Basi akafunga. Siku zisizo za mfungo nazo hofu ilimkata hamu ya kula. Akakonda, na kadiri alivyokonda ndivyo jumuiya ilivyomsifu kwa imani. Wahenga walisema mficha uchi hazai. Sina la kuongeza, ila wahenga hawakuishi nyumba moja na Mama Victoria.

Angekuwa anauza nguo au simu, pengine maneno ya daktari yangempita. Lakini dukani kwake aliwahi kuletewa maharage yaliyovunwa kwenye shamba lililopigwa na ukame. Kwa nje yalikuwa na mikunjo kidogo tu. Wakulima wa Kahe walipanda, kisha wakarudi wamejaa hasira, mmoja wao amebeba miche kwenye sinia ili Bernadetha aone kwa macho yake. Ilikuwa imechipua vizuri, ikainua shingo, halafu ikalala chini kabla ya jani la kwanza. “Mbegu hizi zilikuwa na njaa tumboni mwa mama yao,” mkulima yule alimwambia. Sasa kila alipofumba macho Bernadetha aliliona lile sinia.

Wenseslaus hakuwepo wa kumwambia. Ilikuwa msimu wa wageni, na alikuwa amepanda na kundi ambako simu haishiki. Alipokuwa anafunga mkoba alimshika mkewe shavu akasema, “Nikishuka tutajua.” Yeye alikuwa mtu wa kusema maneno machache na kwenda zake, na mlima ulimlipa kwa tabia hiyo.

Bernadetha akabaki na hofu yake nyumbani. Aliogopa kukohoa. Aliogopa kupanda ule mteremko kutoka barabarani, akawa anapumzika kila baada ya migomba michache kama bibi kizee. Zaidi ya yote aliogopa kwenda chooni, maana huko ndiko angeona damu, na kila alipoikosa alitoka akijua atalazimika kurudi. Usiku alimwomba Mungu, halafu akakumbuka ni wapi amekipata alichokuwa anakiombea, akanyamaza katikati ya sala.

Ikafika Ijumaa. Mama Victoria alikwenda kukata majani ya ng'ombe, na nyumba ikawa tupu. Bernadetha aliingia jikoni, akapasha moto mtori, supu ya ndizi na nyama, uliobaki jana, akaanza kula akiwa amesimama, kwa upawa, bila kupoza. Hakuwa na njaa. Alijua kabisa kuwa chakula kile hakitamfikia aliyekusudiwa, daktari alishasema. Lakini aliwaza kwamba labda kikifanikiwa kushika kitakuta meza imeandaliwa, labda kitasamehe. Alikula huku machozi yanadondokea kwenye sufuria.

“Bernadetha.”

Mama Victoria alikuwa amesimama mlangoni, mzigo wa majani bado uko kichwani.

“Mama.”

“Leo siku gani?”

“Ijumaa, Mama.”

“Ijumaa.” Mama mkwe alisema taratibu, na sauti yake ilipokuwa taratibu ndipo watu walipotafuta njia ya kutokea. “Mama Fredy ana sukari. Asubuhi nimemwona, midomo imemkauka, nikamwambia anywe hata uji, amekataa. Kwa ajili ya nani?”

Bernadetha aliweka upawa chini. Alikuwa na uongo wa kutosha kichwani, alikuwa ameutunza kwa miezi, lakini hofu ilikuwa imejaa mno na uongo haukupata pa kupita.

“Nina kitu tumboni, Mama. Daktari amekiweka. Kilitungwa kwenye kioo, kwa yai langu na mbegu ya Wensi. Ni kimoja tu, vingine vimekufa. Sasa hivi kinakula akiba ambayo yai liliwekewa, hakina chakula kingine, na wakati wa kuiweka hiyo akiba mimi nilikuwa nafunga. Nimekinyima kabla hakijakuwepo, Mama. Nimekiua kwa kufunga.”

Mama Victoria alishusha mzigo. Alichukua sufuria mkononi mwa mkwewe, akaifunika, akairudisha mafigani. Kisha akatoka nje akawapelekea ng'ombe majani. Jioni aliposali, alisali chumbani kwake, na mlango ukiwa umefungwa.

Jumamosi Bernadetha alipoamka mama mkwe hakuwepo. Kitenge chake cha Jumapili hakikuwepo, wala viatu vyake vya kufunga kamba. Bernadetha aliketi kwenye ngazi ya nyumba. Alijua. Mtu havai kitenge cha Jumapili siku ya Jumamosi kwenda kukata majani. Amekwenda kwa Padre, na kutoka hapo ni mwendo mfupi tu hadi kwa Mama Fredy, na Mama Fredy akijua Uru nzima imejua. Akawaza atakavyoitwa. Akawaza Wenseslaus anashuka mlimani anakuta mkewe amefukuzwa, mama yake amekaa mlangoni. Halafu, katikati ya mawazo hayo, alishtuka kuona kwamba hayo yote yangevumilika kama kile kidoa kingekuwa hai, na kwamba hakuwa na njia yoyote ya kujua kama ki hai.

Mchana ulikuwa umeshageuka alipoisikia bodaboda. Nyuma ya dereva, amekaa upande na kumshika kijana wa watu kiunoni kama anayetaka kumvunja, alikuwa Mama Victoria, aliyeapa miaka yote kwamba hatapanda kitu kile hata akifa.

“Shikamoo, Mama.”

“Marahaba. Nimetoka kwa daktari wako.”

Bernadetha alishika nguzo.

“Sikujua jina la mahali,” Mama Victoria aliendelea, akikaa kwenye kigoda na kuvua viatu. “Nikamwambia huyu kijana, nipeleke kule wanakotengeneza watoto. Unajua alinijibu nini? Alisema, na wewe wa Uru, bibi? Nawapeleka kila wiki, wanashukia kona ya nyuma wamejifunika mitandio. Kila wiki, Bernadetha. Mimi nina jumuiya gani basi, watu wanalia vichakani?”

“Daktari alisemaje, Mama?”

“Kwanza alikuwa na mdomo wa kufuli. Nikakutaja, akasema habari za wagonjwa hatoi hata kwa askofu. Nikampenda hapo hapo. Nikamwambia haya, tuseme kuna mwanamke, simtaji, ana mama mkwe mpumbavu aliyemfungisha siku mbili kila wiki. Yai lake limekufa njaa?”

Kuku alipita kati yao.

“Akasema mwili wa mwanamke si mjinga, ukikosa huku unachota kule. Mfungo wa namna ile haukaushi yai. Tena akasema huko kubomoa na kutumia upya hakuanzi kwa sababu mama ana njaa. Kunaanza kwa sababu mbegu imeingia. Hata mke wa tajiri aliyekula nyama asubuhi na jioni, chake kinakula akiba vile vile.”

“Kwa hiyo ki hai?”

Mama Victoria aliinama, akasugua kidole cha mguu kilichobanwa na kiatu.

“Hapo alianza kuzungusha maneno. Nikambana. Akasema hajui. Akasema kinachomtia wasiwasi ni umri wa mwanamke, si tumbo lake, na kwamba hakuna wa kuahidi.” Akainua macho. “Nimepita kwa Mama Fredy, nimemwambia mfungo umekwisha. Akauliza kwa sababu gani. Nikamwambia mwenyekiti amesema.”

“Mama, nisamehe.”

“Sijasema umefanya vizuri,” Mama Victoria alijibu. “Sijasema hivyo, na usije ukasema nimesema. Ninachosema ni kwamba ule.”

Akaingia jikoni akapika machalari, ndizi za nyama, kiasi cha kulisha wachimba kaburi, akakaa mbele ya mkwewe akihesabu kila tonge kwa macho. Hofu haikuondoka. Ila sasa ilikuwa na watu wawili wa kuibeba, na Bernadetha aligundua kwamba usiku ule alilala.

Nafuu hiyo haikudumu. Katikati ya wiki, asubuhi akijiandaa kwenda dukani, aliona tone. Lilikuwa dogo, la rangi ya kahawia, kwenye nguo yake ya ndani. Hakupiga kelele. Alimwita mama mkwe kwa sauti ambayo hata yeye hakuitambua, na Mama Victoria akaja, akaiangalia nguo ile, akaipeleka dirishani kwenye mwanga. Mwanamke huyu alikuwa amezika mume na watoto wawili bila kuyumba mbele za watu. Sasa aliigeuza nguo ile mwangani, akaigeuza tena, kama anayetafuta jibu jingine.

Wakampigia Dk. Hilda. Simu iliwekwa mezani ili wote wasikie.

“Yaweza kuwa kinashika,” daktari alisema. “Kinapochimba kujishikiza, wengine huona tone. Yaweza pia kuwa kinaondoka. Kwa simu siwezi kutofautisha, mama, na nikikwambia naweza nitakuwa nakudanganya. Endelea na dawa. Njoo siku ya kipimo cha mimba.”

Mama Victoria alimkataza kuinama, akamkataza kuinua ndoo, akamkataza kucheka, ingawa hakuna aliyekuwa anacheka. Wenseslaus alipiga simu kutoka geti la mlimani, ameshuka na kundi moja, lingine linamsubiri. Bernadetha alifungua mdomo kumwambia kuhusu tone, akaona haitasaidia kitu kumpandisha mtu mlima na mzigo ule. Akamwambia wote ni wazima. Usiku alilala chali, mikono tumboni, akiwaza kile kidoa huko gizani kinaparua akiba yake, kinakwangua sufuria, na yeye mama yake yuko karibu hivyo na hawezi kukipa hata tone la maziwa.

Siku ya kipimo walikwenda wote wawili, na hawakushukia kona ya nyuma. Mama Victoria alikataa. Alisema kama ni kuingia, ataingia kwa mlango.

Damu ilichukuliwa. Wakangoja kwenye benchi. Bernadetha alijaribu kusoma bango la ukutani akakuta herufi hazikai pamoja. Mlango ulipofunguliwa alitaka kukimbia, kweli kabisa, miguu ilikuwa tayari imekwishageuka.

“Kimeshika,” Dk. Hilda alisema. “Bado ni mapema sana, nisiwadanganye, lakini kimeshika. Sasa kazi ya akiba imekwisha. Kuanzia hapa kinakula kwako.”

Bernadetha alijifunika uso kwa kanga akalia. Mama Victoria alisogeza kiti mbele, akamtazama daktari kama anavyomtazama mchuuzi wa nyama.

“Kinapenda nini?” akauliza.

Jumapili walikwenda misa. Miezi yote ya sindano Bernadetha alikuwa anakaa mwisho kabisa karibu na mlango, na wakati wa komunyo alikuwa akitoka nje kana kwamba amepigiwa simu. Siku hiyo Mama Victoria alimshika mkono akampeleka mbele, kwenye benchi la viongozi wa jumuiya, wakakaa bega kwa bega.

Wakati ukafika. Kwaya ikaanza, na mabenchi yakawa yanainuka moja baada ya jingine. Benchi lao likainuka. Bernadetha akabaki ameketi, macho sakafuni, masikio yanawaka, akingoja mama mkwe apite mbele ya magoti yake. Hakupita mtu. Alipoangalia pembeni alimwona Mama Victoria ameketi, mikono imekunjwa juu ya kibegi.

“Mwenyekiti,” Mama Fredy alinong'ona akiwa amesimama juu yao. “Twende.”

“Pita, mama.”

Mama Fredy akapita, akageuka, na waliofuata wakageuka. Tangu akiwa msichana mwenye gauni jeupe hakuna Jumapili ambayo Mama Victoria aliwahi kubaki kwenye benchi. Alikuwa akisema kila mara, kwenye misiba hasa, kwamba haogopi kufa, anaogopa kufa bila komunyo tu.

“Mama, nenda,” Bernadetha alinong'ona. Hofu ilikuwa imemrudia, mpya kabisa, na safari hii haikuwa ya mtoto. “Nenda ukaungame, Padre atakuelewa. Dhambi ni yangu, si yako.”

“Nikaungame nini? Ataniuliza kama najuta.” Mama Victoria alikuwa anatazama altare moja kwa moja. “Nimejaribu, Bernadetha. Tangu siku ile ya kipimo kila usiku nimepiga magoti najaribu kujuta furaha yangu. Sijaweza.”

Mstari ulisogea mbele yao, watu wanaowajua, wanawake waliofunga kwa ajili yao, kila mmoja akiwatupia jicho la haraka. Mama Victoria alifungua kibegi chake, akatoa ndizi mbivu iliyofungwa kwenye leso, akaimenya chini chini na kumwekea mkwewe kwenye kiganja.

“Anayekomunika ndiye anayefunga kabla ya misa,” alisema. “Wewe kula.”

Bernadetha alikula ameinamisha kichwa, polepole, mpaka mstari ukaisha na watu wakarudi kukaa.